Mkaa wa Mifupa na Floraidi ya Bonde la Ufa: Uchambuzi wa Kusafisha Maji kwa Unasaji

Floraidi ni kichafuzi kisicho na rangi, harufu wala ladha, na kwa sababu hiyo mtu anaweza kuinywa maisha yake yote bila ulimi kumwonya. Hupatikana kwa wingi katika maji ya maeneo yanayopitiwa na tawi la mashariki la Bonde la Ufa, kuanzia Ethiopia, kupitia Nakuru na Naivasha nchini Kenya, hadi Arusha, Manyara na Singida nchini Tanzania, ambako baadhi ya vijito na chemchemi zinazoshuka kutoka Mlima Meru zina kiasi kinachozidi mara kadhaa miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa. Kuchemsha maji hakuiondoi, bali huizidisha, kwa kuwa maji hupungua kwa mvuke huku floraidi ikibaki chomboni, klorini haiigusi, na chujio la mchanga, linalofaa sana kuzuia tope na vimelea, huiacha ipite yote. Swali la kuyasafisha maji ya aina hii, kwa hiyo, ni tofauti na lile la maji yaliyochafuliwa na vinyesi au matope, na jibu lake limetafutwa kwa muda mrefu katika unasaji, njia ambayo kemia yake inaeleweka vya kutosha kuwalinda watu, lakini ambayo mafanikio yake huamuliwa hasa na yale yanayotendeka baada ya chujio kujaa.

Chanzo cha tatizo kimo katika miamba yenyewe. Miamba na majivu ya volkeno ya ukanda huu yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo, na upungufu huo wa kalsiamu una maana kubwa, kwani kalsiamu ikikutana na floraidi majini huungana nayo na kuunda floraiti, madini yasiyoyeyuka kwa urahisi, ambayo hutuama na kuyaacha maji yakiwa na floraidi kidogo. Pale ambapo kalsiamu ni haba na maji yamejaa magadi, kizuizi hicho hakipo, na floraidi huendelea kuyeyuka kutoka kwenye miamba bila kikomo cha karibu. Maziwa yasiyo na mto wa kutoka, kama yale ya Momella yaliyomo katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, huikusanya zaidi kadiri jua linavyoyakausha, hata maji yake yakafikia kupimwa kuwa na miligramu mia kadhaa kwa lita.

Madhara huanzia menoni. Mtoto anayekunywa floraidi nyingi wakati tabaka gumu la nje la meno yake linajengeka huota meno yenye mabaka meupe, kisha ya manjano na kahawia, na hali ikiwa mbaya zaidi meno huchimbika na kumong'onyoka. Anayeendelea kuinywa kwa miaka mingi katika viwango vya juu huweza kupata ugonjwa wa mifupa, ambao hukaza viungo, huumiza mgongo na wakati mwingine hupinda miguu, na hakuna dawa inayourudisha mfupa katika hali yake ya awali. Pamoja na haya yote, mwaka 1974 Tanzania iliweka kwa muda kiwango cha miligramu 8 kwa lita kwa maji ya vijijini, baadaye ikatumia 4 kwa miaka mingi, na ni katika miaka ya karibuni tu ambapo imefikia 1.5. Ingekuwa dhuluma kuisoma historia hiyo kama uzembe wa wataalamu, kwa maana kukataza kila kisima chenye zaidi ya miligramu 1.5 wakati huo kungewaacha watu wa vijiji vingi bila maji yoyote. Hata hivyo ni muhimu kukumbuka kwamba namba 8 ilieleza uwezo wa nchi wa kutafuta maji mengine, na haikueleza kiasi ambacho mwili wa mtoto unaweza kukistahimili.

Unasaji, ambao kwa jina la kitaalamu ni adsopsheni, ni tendo la chembe zilizoyeyuka majini kushikwa na uso wa kitu kigumu na kubaki hapo, tofauti na ufyonzaji wa kawaida, ambamo kitu huingia na kuenea ndani ya kile kinachokifyonza. Kwa kuwa kinachofanya kazi ni uso, vinasaji vizuri ni vile vyenye vitundu vidogo visivyohesabika. Gramu moja ya mkaa ulioamilishwa, yaani mkaa uliopitishwa katika mvuke mkali au kemikali ili utobolewe vitundu, huwa na uso wa ndani wa mita za mraba kati ya 500 na 1,500, kiasi kwamba gramu kumi hivi, ambazo hutosha katika kiganja, zina uso unaokaribia uwanja wa mpira. Matumizi ya mkaa katika kung'arisha vimiminika yalichunguzwa kwa utaratibu na mkemia Tobias Lowitz huko St. Petersburg mwaka 1785, na mwaka 1918 Mmarekani Irving Langmuir, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1932, akaonyesha kwa hesabu kwamba uso wa kinasaji una nafasi zenye idadi maalumu, ambazo zikishajaa hakuna kinachoweza kushikwa tena. Kanuni hiyo ya nafasi zenye kikomo ndiyo inayotawala kila kinachofuata katika uchambuzi huu.

Kila kinasaji kina kile kinachokipenda. Mkaa ulioamilishwa huzishika vizuri chembe za kikaboni, kama mabaki ya viuatilifu vya mashambani, rangi, na vile vinavyoyapa maji harufu mbaya, lakini floraidi ni ioni ndogo, yenye chaji hasi, iliyozungukwa kwa nguvu na molekuli za maji, na mkaa wa aina hiyo huishika kidogo mno kuweza kutegemewa. Jambo hili linastahili kusemwa waziwazi, kwa sababu familia nyingi za mijini hununua machujio ya dukani yenye mkaa huo, huona maji yakitoka yakiwa maangavu na yenye ladha nzuri, na huamini kwamba tatizo la Arusha au Nakuru limekwisha.

Kinasaji kilichochunguzwa sana kwa ajili ya floraidi, hasa nchini India, ni alumina iliyoamilishwa, ambayo ni punje za oksidi ya aluminiamu zenye vitundu vingi. Uso wake hubeba chaji inayobadilika kulingana na kiwango cha tindikali cha maji: maji yakiwa na tindikali kidogo, karibu pH 5.5, uso huwa na chaji chanya na huivuta floraidi kwa nguvu, lakini maji yakiwa na magadi uvutaji hupungua, ioni za haidroksidi na bikaboneti zikigombea nafasi zilezile. Maji mengi ya Bonde la Ufa yana pH inayozidi 8 na bikaboneti kwa wingi, yaani yana hasa kile ambacho alumina haikitaki. Mtambo wa mjini wenye fundi wa kemia unaweza kuyatia maji tindikali kabla ya kuyapitisha na kuyarekebisha baadaye, ila kumkabidhi mama wa nyumbani chupa ya tindikali kali ni kumwongezea hatari. Mbinu ya Nalgonda, iliyotoka India katika miaka ya 1970 na kujaribiwa Arusha kwa kutumia ndoo, hutumia shabu na chokaa, ambavyo hufanya mabonge yanayoishika floraidi na kutuama nayo. Inafanya kazi, lakini hudai kupima, kukoroga na kusubiri kila siku, na kosa la kipimo huacha aluminiamu au salfati ndani ya maji.

Mkaa wa mifupa ndio kinasaji kilichopata mizizi zaidi katika Afrika Mashariki, na sababu zake ni za kikemia na za kimaisha kwa pamoja. Ugumu wa mfupa hutokana na haidroksiapatiti, ambayo ni kalsiamu na fosfati zilizofungamana pamoja na ioni za haidroksidi. Floraidi, ambayo ukubwa na chaji yake vinakaribiana na vya haidroksidi, huingia mahali pa ioni hiyo na kufungwa humo. Ni mvuto uleule unaoifanya floraidi ikimbilie mifupa ya anayeinywa. Chujio huiwekea mifupa mingine njiani. Kalsiamu ambayo miamba ya volkeno iliwanyima watu wa ukanda huu hurudishwa hivyo kutoka kwenye mifupa inayotupwa na machinjio, na uso wa apatiti, kinyume na ule wa alumina, huendelea kufanya kazi vizuri hata bila kuyatia maji tindikali kwanza.

Utengenezaji wake unaonekana kuwa rahisi hadi mtu anapoujaribu. Mifupa ya ng'ombe husafishwa na kupangwa ndani ya tanuri, kisha huchomwa kwa hewa kidogo katika joto la kati ya nyuzi 400 na 600 za Selsiasi. Joto likipungua, mafuta na nyama hubaki ndani ya vitundu, na maji yanayopita humo hutoka na rangi ya manjano na harufu ambayo hakuna atakayeivumilia mara mbili. Joto likizidi, au hewa ikiwa nyingi, mifupa hugeuka myeupe, vitundu hufungana na uwezo wa kunasa hushuka sana. Fundi mzoefu huujua mkaa mzuri kwa rangi yake, iliyo kati ya nyeusi na kijivu, lakini ndani ya tanuri moja huweza kupatikana mifupa ya rangi nyeusi, kijivu na nyeupe, na hapo kuchambua ni kazi ya mikono na macho. Baada ya hapo husagwa, huchekechwa ili kupata punje zinazolingana, na huoshwa. Ujuzi huu uliendelezwa nchini Tanzania katika kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto, wilayani Arumeru, kilicho chini ya wizara ya maji, na nchini Kenya na Jimbo Katoliki la Nakuru, ambalo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 limechoma mifupa, kutengeneza machujio ya nyumbani na ya jumuiya, na kuendesha maabara ya kupima maji.

Suala la imani halipaswi kupuuzwa wala kuchukuliwa kama ujinga wa kuelimishwa. Mwislamu ana haki ya kuuliza mifupa imetoka kwa mnyama gani na amechinjwaje, na nchini India Wahindu wengi wameukataa mkaa huu moja kwa moja kwa kuwa unatokana na ng'ombe. Nchini Tanzania na Kenya jibu linawezekana, nalo ni la utaratibu zaidi kuliko la hoja: mifupa ikusanywe kutoka machinjio yanayojulikana, na mtumiaji aelezwe hivyo kabla hajauliza. Mradi unaokusanya mifupa popote ilipo na kunyamaza hujitengenezea uvumi ambao hauzimiki kwa semina.

Ugumu mkubwa, hata hivyo, umo katika hesabu ya uwezo. Gramu moja ya mkaa mzuri wa mifupa hushika miligramu chache za floraidi, na ikichukuliwa kwa makadirio kuwa ni 3, chujio la ndoo lenye kilo 6 za mkaa litabeba miligramu 18,000. Familia inayotumia lita 20 kwa siku kwa kunywa na kupikia, kutoka chanzo chenye miligramu 8 kwa lita, inahitaji kuondolewa miligramu 130 kila siku ili kufikia 1.5, na chujio lake litadumu siku 138 hivi, yaani miezi minne na nusu. Familia jirani inayochota kwenye chanzo chenye miligramu 16 itamaliza chujio lilelile kwa miezi miwili, ilhali ile yenye chanzo cha miligramu 4 itakwenda nalo karibu mwaka mzima. Maelekezo ya jumla ya kubadili mkaa kila baada ya miezi sita, ambayo ndiyo hupewa watu mara nyingi kwa kuwa yanakumbukika, yanazidanganya familia ya kwanza na ya pili na kuitia hasara ya tatu. Na hesabu hii inachukulia kwamba maji yanapita polepole. Bomba likifunguliwa hadi mwisho, floraidi haipati muda wa kufika kwenye vitundu vya ndani, na sehemu kubwa ya mkaa hubaki bila kutumika.

Chujio lililojaa halitoi ishara. Lile la mchanga likichoka huziba, na mtu huona maji yamepungua kasi; lile la mkaa wa mifupa huendelea kutiririsha maji maangavu, matamu, yenye kiasi kilekile cha floraidi kilichoingia. Zaidi ya hayo, unasaji ni mizani kati ya kilichoshikwa na kilichobaki majini, kwa hiyo mkaa uliojaa kwa maji yenye floraidi nyingi, ukipitishiwa maji safi zaidi, kwa mfano ya mvua, huweza kuyarudishia sehemu ya kile ulichonasa.

Ulinganisho na wachenjuaji wa dhahabu wa Geita unafaa hapa, kwa sababu wao hutumia kanuni hiyohiyo kila siku. Katika mitambo yao dhahabu huyeyushwa kwa sianidi, kisha hunaswa na mkaa ulioamilishwa, ambao wenyewe huuita kaboni, na kaboni hiyo hupelekwa kwenye mitambo ya elusheni, ambako dhahabu huvuliwa kutoka kwenye mkaa. Hakuna mwenye kaboni asiyejua imebeba nini, imekaa siku ngapi na itavuliwa lini. Sampuli hupimwa, magunia hulindwa, na mwenye mzigo husafiri nao. Uangalifu wote huo unatokana na thamani ya kilichonaswa. Floraidi iliyonaswa haina mnunuzi, na faida ya kuinasa huonekana miaka mingi baadaye katika meno na mifupa ya mtoto, kwa hiyo kazi ya kupima, ambayo kwa mchenjuaji inajilipa, katika maji ya kunywa lazima ipewe mwenyewe na bajeti yake. Miradi mingi hufadhili ndoo na mkaa wa kwanza, na kupima huachiwa nia njema.

Kwa sababu hiyo kuna hoja nzito ya kuhamisha unasaji kutoka jikoni kwenda kwenye kioski cha maji. Kioski kina mita inayohesabu lita bila kutegemea kumbukumbu ya mtu, na floraidi ya chanzo ikishajulikana, lita zilizopita hutosha kukadiria siku ya kubadili mkaa. Kinaweza pia kuwa na mitungi miwili iliyopangwa kwa mfuatano, wa pili ukikamata kinachoponyoka wa kwanza, hivi kwamba kipimo kinachochukuliwa katikati ya mitungi hiyo hutoa onyo kabla maji ya watu hayajaharibika. Mtungi wa kwanza ukijaa huondolewa, wa pili huchukua nafasi yake, na mpya huwekwa nyuma. Maji yaliyosafishwa yauzwe kwenye bomba la peke yake kwa kunywa na kupikia tu, kwani kuosha vyombo na kufua hakuhitaji kutumia nafasi za mkaa. Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, ulioanzishwa nchini Tanzania mwaka 2019, unasimamia vyombo vya jamii vinavyoendesha miradi ya maji vijijini, na hivyo muundo wa kuibeba kazi hii upo. Kinachohitajika ni kwamba elektrodi ya kupimia floraidi na mtu wa kuitumia viingizwe katika bei ya maji kama inavyoingizwa dizeli ya pampu.

Watafiti wa Nakuru, wakishirikiana na taasisi ya Eawag ya Uswisi, waliuendea ukomo wa mkaa kwa njia nyingine: kuchanganya mkaa wa mifupa na punje zinazotoa kalsiamu na fosfati polepole, ili floraidi iendelee kutuama juu ya mkaa hata nafasi za awali zikijaa. Mbinu hii huongeza sana maisha ya chujio, ingawa inadai udhibiti wa karibu wa mtiririko. Katika Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela jijini Arusha, Dkt. Askwar Hilonga alibuni chujio la mchanga lililoongezewa vinasaji vya nano vinavyochaguliwa kulingana na maji ya mahali husika, na mwaka 2015 akawa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Wazo la kukipangia kila chanzo kinasaji chake lina uzito kuliko sifa za kinasaji chochote kimoja. Tafiti nyingi za vinasaji vipya, iwe ni udongo mwekundu, majivu, maganda au mawe ya volkeno, hufanywa kwa maji yaliyotoneshwa na kutiwa floraidi ya sodiamu, bila bikaboneti wala silika, kisha hutangaza uwezo ambao maji halisi ya vijiji vya Mlima Meru kama Ngare Nanyuki hayataweza kuurudia. Makala yenye namba kubwa ya uwezo haimsaidii fundi wa kijiji. Maji ya kijiji yenyewe yapitishwe kwenye mtungi wa majaribio hadi uponyokaji uonekane, na lita zihesabiwe.

Mkaa uliojaa nao unahitaji mahali pa kwenda. Unaweza kuoshwa kwa magadi makali ya haidroksidi ya sodiamu na kutumika tena, lakini maji ya kuoshea hubeba floraidi yote iliyokuwa imenaswa, na kuyamwaga mtoni ni kuwarudishia tatizo wanaoishi chini.

Unasaji haupaswi kuwa jibu la kwanza pale ambapo chanzo kingine kipo. Maji ya mvua yanayovunwa kwenye paa la bati karibu hayana floraidi kabisa, na mradi mkubwa wa maji wa Arusha, uliopata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ulitafuta maji ya visima vipya kwa ajili ya jiji badala ya kuchuja yaliyopo, uamuzi uliofaa kwa mji wenye watu wengi. Kwa vijiji vilivyotawanyika kwenye miteremko ya Meru, mabomba hayo hayatafika upesi. Wala maji si njia pekee ya kuingilia: magadi yanayotiwa kwenye maharage au makande ili yaive haraka huwa na floraidi, wakati mwingine kwa wingi, na familia inayochuja maji kwa uangalifu kisha ikatia magadi chunguni hujirudishia sehemu ya ilichokiondoa.

Kuna pia suala la nani aanze. Wafadhili hupenda kuweka machujio katika shule za msingi, kwa kuwa hapo watoto wako pamoja na picha ni rahisi kupigwa, na mifupa ya watoto hao hakika inafaidika. Lakini tabaka la nje la meno ya mbele ya kudumu hujengeka katika miaka ya mwanzo kabisa ya maisha, muda mrefu kabla ya darasa la kwanza, na mtoto anapofika shuleni jino lililoharibika limekwisha kufanyika ndani ya ufizi, likisubiri kuota. Mahali panapofaa kuanzia, kama mkaa ni mchache, ni kliniki ya mama na mtoto: mama anayeleta mtoto kupimwa uzito aondoke na haki ya lita chache za maji yaliyochujwa kila siku kwa ajili ya uji wa mtoto na maji yake ya kunywa. Kwa kiasi hicho kidogo, hata chujio la kilo 6 kwenye chanzo cha miligramu 16 huweza kumfikisha mtoto mwaka wake wa pili bila mkaa kubadilishwa: lita 2 kwa siku ni miligramu 29 tu za kunaswa, ambazo kwa mkaa huohuo huchukua zaidi ya siku 600.